Lugha Mpya Huanza Kinywani

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya namna mtu aingiavyo katika lugha asiyoijua, na hasa juu ya zile siku za mwanzo, wakati maneno aliyo nayo hayatoshi hata kujaza kiganja.

Nchi zetu ni nchi za lugha nyingi. Mtu akisafiri kutoka Mombasa mpaka Kisumu, au kutoka Tanga mpaka Bukoba, huacha lugha moja nyuma yake na kukuta nyingine mbele yake, tena na tena. Kiswahili chatusaidia sana njiani, lakini hakifiki kila jiko wala kila kitanda cha mgonjwa. Mwalimu hupewa shule ya mbali. Muuguzi hupelekwa zahanati iliyo katika kabila jingine. Binti huolewa ugenini, akakaa na mama mkwe ambaye Kiswahili chake ni maamkio tu. Watu hawa hawajifunzi lugha kwa ajili ya mtihani. Mama amleta mtoto anayehara, na muuguzi anayo maswali mafupi sana ya kumwuliza: Ameanza lini? Amekunywa nini? Anakojoa? Ikiwa muuguzi hawezi kuuliza, wala mama hawezi kujibu, hutafutwa mkalimani. Na pengine mkalimani huyo ni jirani mwanamume, na mama aona haya kutaja mambo ya mwili mbele yake. Hapo neno hufichwa, na huenda neno lile lililofichwa ndilo lililokuwa na uzima wa mtoto.

Basi, mtu akijikuta katika hali hiyo, aghalabu husema: "Nitajifunza kwanza. Nikisha kuijua lugha vizuri, ndipo nitakapozungumza." Kauli hiyo yaonekana kuwa ya busara, na mwenye kuisema husifiwa kuwa ni mtu wa kiasi. Lakini ndani yake mna kosa kubwa. Ili tulione kosa hilo vizuri, nitawasimulieni habari za mwalimu mmoja wa Ufaransa, jina lake François Gouin, aliyeishi katika karne ya 19.

Gouin alikuwa mwalimu wa Kilatini, mtu hodari wa vitabu. Alitaka kujua Kijerumani, akaenda Ujerumani, akakaa katika mji wa Hamburg. Mtu angedhani kwamba aliyefika katika mji wa Wajerumani atatoka nje kuzungumza na Wajerumani. Yeye hakufanya hivyo. Alijifungia chumbani na kitabu cha sarufi, kama alivyojifunza Kilatini zamani. Kwa muda wa siku kumi hivi aliihifadhi sarufi yote, pamoja na vitenzi 248 visivyofuata kanuni. Akafurahi, akaona kazi imekwisha. Akaenda katika chuo kusikiliza masomo. Mwalimu akasema, wanafunzi wakaandika, na Gouin hakusikia hata neno moja alilolielewa.

Hakukata tamaa. Alirudi chumbani, akahifadhi mashina 800 ya maneno ya Kijerumani, akarudi chuoni. Hakusikia kitu. Akachukua vitabu vya Goethe na Schiller, waandishi wakuu wa Wajerumani, akajitahidi kuvifasiri kwa kufungua kamusi neno baada ya neno. Hakusikia kitu. Mwisho akaamua jambo ambalo watu wachache wamelithubutu: akaichukua kamusi yenyewe, yenye maneno kama 30,000, akaihifadhi moyoni ukurasa baada ya ukurasa kwa muda wa mwezi mmoja, hata macho yake yakauma. Alipomaliza, akaenda tena kusikiliza. Maneno 30,000 yalikuwamo kichwani mwake, na bado maneno ya watu yalimpita masikioni kama upepo upitao makutini.

Lakini katika habari hizo mna jambo dogo ambalo nataka mlishike sana. Kabla ya kuihifadhi kamusi, Gouin alijaribu mara chache kuzungumza. Katika nyumba aliyopanga palikuwa na duka la kinyozi, akashuka, akakaa pamoja na wateja, akatunga sentensi zake kichwani kwa taabu, akazisema. Wale watu wakacheka. Naye, kwa kuona haya, akapanda ngazi akarudi kwenye vitabu vyake.

Wasikilizaji, hapo ndipo alipokiacha chuo chake. Duka la kinyozi ni mahali pa habari. Watu huingia, huamkiana, huulizana bei za vitu, hali ya hewa, mgonjwa wa fulani. Na maneno yale yale hurudi kila siku. Kinyozi mwenyewe hana haraka ya kumfukuza mtu. Kama Gouin angevumilia kicheko kwa majuma mawili, huenda angepata alichokitafuta kwa miezi. Yeye alikimbilia kamusi kwa sababu kamusi haimcheki mtu. Ni kweli, haimcheki. Lakini pia haimjibu.

Gouin alirudi kwao Ufaransa, na huko akamkuta mpwa wake, mtoto wa umri wa miaka mitatu hivi. Alipoondoka, mtoto huyo alikuwa hajajua kusema sawasawa. Aliporudi alimkuta anasema bila kusita, mambo yote ya nyumbani. Gouin akastaajabu. Mimi, mtu mzima mwenye elimu, nimeshindwa. Na mtoto huyu, asiyejua hata herufi moja, amewezaje?

Siku moja mtoto huyo alipelekwa kuona kinu cha kusaga nafaka kinachozungushwa kwa maji. Akatazama kila kitu. Aliporudi nyumbani akakaa kimya kitambo, kama mtu anayepanga mambo moyoni. Halafu akataka vifuko vidogo, akavijaza mchanga badala ya nafaka, akavichukua mpaka penye kijito, akafanya mchezo wa kusaga. Na katika mchezo huo alikuwa akisema kila analolitenda: najaza mfuko, naubeba, naumimina, gurudumu lazunguka. Kila tendo lilikuwa na neno lake, na kila neno lilifuatana na mwenziwe kama vile matendo yenyewe yanavyofuatana. Gouin akafahamu kwamba mtoto hakukusanya maneno kama mtu akusanyaye kokoto. Aliyavaa maneno juu ya kazi, na kazi ikayashika. Mwaka 1880 Gouin alitoa kitabu juu ya kufundisha na kujifunza lugha kwa njia hiyo, na walimu wengi wa Ulaya wakakisoma.

Karibu na miaka hiyo hiyo, huko Marekani, jambo jingine lilitokea. Mwaka 1878, katika mji wa Providence, mtu aitwaye Maximilian Berlitz alifungua shule ya lugha. Inasimuliwa kwamba alimwajiri Mfaransa mmoja, Nicholas Joly, ili amsaidie kufundisha Kifaransa. Na Joly alipofika ikaonekana kwamba hajui Kiingereza hata kidogo. Berlitz mwenyewe alikuwa mgonjwa. Akamwambia Joly awafundishe wanafunzi kwa kuonyesha vitu kwa kidole na kwa kutenda matendo mbele yao, huku akiyataja kwa Kifaransa. Baada ya majuma kadhaa Berlitz alipata nafuu, akaenda darasani akidhani atakuta ghasia. Akakuta wanafunzi wanaulizana na kujibizana kwa Kifaransa. Mwalimu asiyejua lugha yao aliwalazimisha kusema lugha yake, nao wakaisema.

Lakini tusidhani kwamba elimu hii imetoka Ulaya na Marekani tu. Sisi tunayo tangu zamani, ila hatukuiandika. Katika karne ya 19 misafara ilikuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, nayo ilichukua wapagazi kwa mamia, wengi wao Wanyamwezi. Kiswahili kiliingia bara kwa miguu ya watu hao. Nani aliyewapa sarufi? Walijifunza kwa kusema: mzigo, kamba, maji, kuni, twende, tulale, posho iko wapi? Mtu aliyejua maneno ishirini alitumia yale ishirini, na jioni kando ya moto akapata la ishirini na moja.

Hata vitabu vya kwanza vya Kiswahili vilivyopigwa chapa vilitoka kinywani mwa watu. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakukuta kamusi ya kumwongoza. Kadhi mmoja wa Mombasa alikuwa miongoni mwa waliomsaidia, na maelezo yake juu ya sarufi ya Kiswahili yalipigwa chapa mwaka 1850. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akakaa na watu akiwasikiliza na kuwauliza. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kufundisha Kiswahili, na mwaka huo huo akatoa kitabu cha hadithi kama watu wa Unguja walivyomsimulia. Angalieni mpango wenyewe: kwanza mazungumzo, baadaye kitabu. Kitabu cha sarufi ni mtoto wa mazungumzo ya watu. Anayetaka kumzaa mama kwa mtoto ageuza mambo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hotuba isiyompa mtu la kufanya ni kelele. Na tuchukue mfano wa Mswahili aliyehamia Kisumu, pwani ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Waluo. Nimechagua lugha ya Waluo, iitwayo Dholuo, kwa sababu si ya jamaa moja na Kiswahili. Mswahili akienda kwa Wadigo au Wazaramo, maneno mengi atayatambua kama mtu atambuavyo ndugu zake. Kwa Waluo hatambui kitu. Basi ataanzaje?

Aanze na maneno manne au matano ambayo nitayaita maneno ya mlango. La kwanza ni maamkio. Asubuhi Waluo husema "oyawore", jioni husema "oimore". La pili ni jina. "Nyingi ng'a?" maana yake ni "Jina lako nani?" Naye atajibu "Nyinga Juma," yaani "Jina langu Juma." Mswahili asikiapo "nyingi" hudhani kwamba vitu vyahesabiwa, lakini akilisema mara tatu kwa watu watatu, na kila mmoja akamjibu jina lake, dhana ile humtoka. La tatu ni swali ambalo mimi naliona lina thamani kuliko kamusi nzima: "Ma en ang'o?" yaani "Hii ni nini?" Sauti ya ng' hapo ni ile ile ya ng'ombe. Mwenye swali hilo kila mtu amekuwa mwalimu wake na kila kitu kimekuwa kitabu chake. Aonyeshe maji, ataambiwa "pi". Aonyeshe maziwa, ataambiwa "chak". Aonyeshe ugali, ataambiwa "kuon". La nne ni "ok awinjo", yaani "sikusikia" au "sielewi". Neno hilo ni ngao. Mgeni asiye nalo hutikisa kichwa na kukubali asiyoyajua, halafu hupatikana na hasara. La tano ni "erokamano", ahsante, maana aliyepewa neno amepewa kitu.

Hayo ni maneno ya siku ya kwanza. Siku ya pili aende sokoni akiwa na neno moja zaidi: "adwaro", yaani "nataka". "Adwaro rech," nataka samaki. Mwenye kuuza atamwuliza, "Idwaro ang'o?" yaani "Wataka nini?" Mara moja masikio yake yatashika kwamba a- ya mbele ni mimi, na i- ni wewe, kama vile katika Kiswahili ni- ni mimi na u- ni wewe. Hakuna mwalimu aliyemwandikia kanuni hiyo ubaoni. Ameinunua pamoja na samaki. Atasikia tena kwamba samaki si jina moja tu: yule ambaye watu wa Mwanza humwita sato, Waluo humwita "ngege", na dagaa ni "omena". Halafu hesabu: "achiel", moja, "ariyo", mbili, "adek", tatu. "Adwaro rech ariyo." Na asipotaka atasema "ok adwaro", sitaki, naye ataona kwamba "ok" hii ndiyo ile ya "ok awinjo". Basi kwa maneno yasiyofika ishirini ameamkia, amejitaja, ameuliza, amenunua, amekataa na ameshukuru. Je, hayo si mazungumzo? Gouin alikuwa na maneno 30,000, na hakuweza kununua samaki kwa namna hiyo.

Siku za baadaye afuate njia ya yule mtoto wa kinu. Achague kazi moja aifanyayo kila siku, aivunje vipande vidogo, na amwombe mwenyeji amtajie kila kipande. Mathalan kuteka maji: nachukua mtungi, naenda kisimani, nainama, nateka maji, najitwika mtungi, narudi nyumbani, namimina maji. Sentensi saba tu, tena zote ni zake mwenyewe, kwa kuwa azitenda kila asubuhi. Azitamke akitenda, kesho tena, na kesho kutwa. Neno lililofungwa na tendo halisahauliki upesi, kwa sababu mtungi wenyewe humkumbusha. Baada ya siku tatu aongeze kazi nyingine: kuwasha moto, kufagia, kupika ugali. Muuguzi naye afanye hivyo kwa kazi yake: keti hapa, fungua kinywa, toa mkono, hapa pauma? tangu lini? kunywa dawa hii asubuhi na jioni. Mwalimu afanye hivyo kwa darasa lake. Kila mtu ana maneno ya kazi yake, nayo ndiyo yatakayompa chakula kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Yapo mambo mengine ambayo kitabu hakiwezi kumpa mtu hata akitaka. Dholuo huandikwa kwa vokali tano kama Kiswahili, lakini masikio ya Mluo husikia zaidi ya tano. Tena sauti ikipandishwa au ikishushwa yaweza kuleta maana nyingine, na maandishi hayaonyeshi jambo hilo. Mtu aliyesoma peke yake mwaka mzima huja na matamshi yaliyokwisha kukauka mdomoni mwake, na kuyakunja upya ni kazi ngumu kama kunyosha mti uliokomaa. Aliyeanza kusema siku ya kwanza husahihishwa wakati udongo ungali mbichi.

Sasa natoka kwenye maneno, naja kwenye moyo, maana kizuizi kikubwa si kichwa, ni haya. Mtoto akikosea, watu hucheka na kumpenda. Mtu mzima akikosea, yeye mwenyewe huona heshima yake imepungua. Na mwenye cheo huumia zaidi, kwa sababu amezoea kusikilizwa. Kwa hiyo mara nyingi huwa hivi: mpishi ajifunza lugha ya mahali kwa miezi mitatu, na mkubwa wake akaa miaka kumi bila kujua zaidi ya kuamuru. Tusidhani kwamba mpishi amezaliwa na akili zaidi. Mpishi alikwenda sokoni, akachekwa, akacheka pamoja nao, na siku ya pili akarudi.

Kicheko nacho kitazamwe vizuri. Mara nyingi watu wacheka kwa furaha, kwa kusikia lugha yao katika kinywa cha mgeni. Sisi Waswahili tujichunguze hapo. Mgeni akisema "kitu yule" badala ya "kitu kile", tumeelewa au hatukuelewa? Tumeelewa. Ngeli zimepotoka, lakini maana imefika. Basi tusimcheke mpaka akanyamaza, tumjibu, na katika kujibu tuliseme neno lile kama itakiwavyo: "Ndiyo, kitu kile." Atasikia mwenyewe. Mgeni aliyenyamazishwa leo kwa kicheko, kesho atatafuta mkalimani, na tutakuwa tumemfungia mlango kwa mikono yetu.

Wala sisemi kwamba makosa si kitu. Hasha. Kosa likiachwa likae, huwa mwenyeji. Nasema kwamba kosa hurekebishwa baada ya kutamkwa, maana lile lisilotamkwa hakuna awezaye kuliona. Mgeni amtafute mtu mmoja anayemwamini, mzee au rafiki au hata mtoto wa jirani, amwombe amrekebishe kosa moja au mawili kila jioni, yasizidi. Ukimsahihisha mtu kila neno, utamkata ulimi. Na atakayesahihishwa asikasirike. Aliseme neno lililosahihishwa mara tatu, kisha aendelee na habari zake. Wahenga wamesema, kuuliza si ujinga.

Katika mambo haya liko moja ambalo halifai kukosewa, nalo ni adabu. Watu humsamehe mgeni vitenzi vyake, lakini dharau husamehewa kwa shida. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza liwe hili: hapa mkubwa huamkiwaje? Mwanamke huitwaje na mtu asiye wa nyumba yake? Ajaye pwani ajue kwamba mtoto humwambia mzee "shikamoo", na mzee hujibu "marahaba". Akigeuza hayo, hata kama maneno mengine yote ni sawa, ameingia kwa mguu mbaya. Tena achague walimu wake. Vijana wa njiani hupenda kumfundisha mgeni matusi, wakamwambia ni maneno ya heshima. Neno jipya lililotoka kwa vijana lipelekwe kwanza kwa mtu mzima kabla halijapelekwa kwa mama mkwe.

Huenda mwalimu mmoja ataniuliza: "Je, vitabu tuvitupe?" La, tusivitupe. Sarufi ni taa nzuri, ila taa humfaa aliyekwisha kuingia nyumbani. Mtu aliyekwisha kusema "adwaro" na "idwaro" sokoni, akifungua kitabu na kusoma habari za viambishi, atasema, "Kumbe ndivyo!" na kanuni ile itakaa. Aliyeisoma kabla ya kuisema atafanana na mtu aliyehifadhi majina ya njia za mji asioufika. Vivyo hivyo daftari. Kila jioni mgeni na aandike maneno matano aliyoyatumia siku hiyo. Asiandike aliyoyaona tu, bali aliyoyatumia; na kando ya kila neno aandike alilisema kwa nani. Maneno matano kila siku, kwa mwaka, yapita 1,800, na kila moja lina uso wa mtu. Mwenye daftari kama hilo ana jamaa wengi kuliko maneno.

Tena asikose kukaa kimya mahali pa watu. Kusema mapema si kusema daima. Yule mtoto wa kinu alitazama kwanza, akawaza, ndipo akasema. Barazani, kisimani, katika mkutano wa kijiji, mgeni akae asikilize, na ajipe kazi moja ndogo: leo nitasikiliza namna wanavyouliza, kesho nitasikiliza namna wanavyoagana. Akisikia neno mara tatu katika vinywa vitatu, hilo ni lake. Alitumie siku hiyo hiyo.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Baba hamwambii mtoto akae nje ya kiwanda mpaka atakapojua kufua jembe. Humpa viriba avukute, na katika kuvukuta aona moto unavyotakiwa kuwa, asikia nyundo, ajua chuma kilichoiva kwa rangi yake. Hata kabla hajafua kitu, amekwisha kuwa mmoja wa kiwanda kile. Maneno ishirini ya siku za kwanza ndiyo viriba vya mgeni. Kwayo hawezi kutoa hukumu barazani wala kusimulia hadithi ndefu, lakini yumo ndani.

Kwa juma hili nawapeni kazi. Kila mmoja wenu anaye jirani, au mfanyakazi mwenzake, au mwanafunzi mwenzake, ambaye lugha ya mama yake si lugha yako. Umwendee kesho. Umwulize maneno manne: maamkio, jina lako nani, hii ni nini, na sikusikia. Uyatumie kwake yeye, na kwa mtu mwingine wa lugha yake, kabla jua halijachwa. Na ninyi walimu, wapangeni wanafunzi wawili wawili wa lugha mbalimbali, kila mmoja amfundishe mwenziwe sentensi za kuteka maji, na siku ya mwisho wa juma wasimame waziseme kwa kutenda. Mtaona nani atacheka, na mtaona pia nani atapata rafiki.